Sofa la L, mlango wa sentimita 76 na kiti cha bibi: kisa cha sebule moja Mtwara

Mimi kazi yangu ni mapazia. Nashona, nafunga fimbo, na kwa kuwa nikiingia kwenye nyumba ya mtu macho hayatulii, watu wakaanza kuniuliza na mambo mengine, kabati liwe wapi, ukuta upakwe rangi gani, mwisho nikajikuta ndo kazi yenyewe. Kisa hiki ni cha nyumba moja pembeni ya mji wa Mtwara. Wenyewe wamenikubalia niandike, ila majina, mtaa na kazi wanazofanya nimeviacha. Bei ni zile walizolipa kweli, nimezizungushia kidogo tu zisomeke vizuri. Na humo ndani kuna kosa langu mwenyewe pia, nitalieleza likifika.

Familia na nyumba

Tumwite Mama H na mumewe Baba H. Watoto watatu, mkubwa binti wa miaka ishirini na kitu, ndo huyo aliyekuwa anakuja kuposwa. Halafu kuna bibi, mama yake Baba H, anaishi Tandahimba lakini kila mwaka anakuja mjini anakaa miezi minne mitano, hasa magoti yakimsumbua, maana hospitali ni karibu. Nyumba wameijenga kidogokidogo kwa miaka, mnaijua ile staili, leo tofali kesho bati, wakahamia 2023 ikiwa haijapigwa hata dari vyumba vyote. Sebule ni futi 12 kwa 14, na humohumo ndo pa kulia chakula. Milango miwili, wa mbele na wa kwenda koridoni. Madirisha mawili makubwa yenye nondo. Mbele kuna baraza pana la saruji, na baraza hilo mlikumbuke.

Samani walizokuwa nazo ni makochi ya zamani ya kiti kimoja kimoja, manne, mbao ngumu ila vitambaa vimechanika, meza ya plastiki, na TV juu ya stuli. Hawakuwa na shida yoyote nayo kwa kweli, walikuwa wanaishi.

Hela ilitoka kwenye korosho. Wana shamba huko kwao, na wanaoijua stakabadhi ghalani wanajua hela inavyokuja: unapeleka korosho chama cha msingi, unasubiri mnada, halafu siku moja simu inalia meseji ya benki. Ikilia inakuwa imelia kwa watu wote kwa wakati mmoja. Ilikuwa Desemba 2023. Walitenga milioni 4 na laki 5 kwa ajili ya nyumba, na upande wa mwanaume walishaleta taarifa kwamba wanakuja mwishoni mwa Januari. Kwa hiyo bajeti ipo, tarehe ipo, na presha ipo.

Hela ilivyotoka kabla sijafika

Mama H aliona sofa Insta. Karakana fulani ya Dar, sofa la L rangi ya kijivu cha maziwa, picha imepigwa kwenye chumba kikubwa chenye tailizi nyeupe na dirisha la kioo kutoka juu mpaka chini. Milioni 1 na laki 9. Akatuma nusu kwanza, wakamtumia picha ya sofa limeisha, akamalizia yote kabla halijapakiwa. Usafiri kwa fuso laki 2 na elfu 20, maana Dar mpaka huku ni kama kilomita 560 na sofa linakula nafasi ya magunia. Kutoka gari liliposhushia mpaka nyumbani, kirikuu, elfu 25.

Wakati sofa liko njiani Baba H naye akaona asibaki nyuma. Akaingia duka moja la hapa mjini akatoka na TV stendi na shoo kesi, seti moja, nyeusi inang'aa, laki 7 na elfu 80. Meza ya kioo ya katikati laki 2 na nusu. Zulia laki 1 na elfu 60.

Jumlisheni: milioni 3, laki 3 na elfu 35. Imebaki milioni 1, laki 1 na elfu 65, na hapo hakuna mapazia, hakuna meza ya kulia, na bibi akija analala kwenye godoro lililobonyea katikati kama mtumbwi.

Nilimuuliza Mama H baadaye, hivi mlipopanga mlimuuliza bibi anataka nini? Akasema waliuliza. Bibi alisema kwenye simu, "Mwanangu, mimi nipateni kiti cha kunyanyukia tu." Wakacheka wakajua anatania.

Siku sofa lilipofika

Mimi niliitwa kupima madirisha. Nafika asubuhi, siku kumi na mbili kabla ya wageni, nakuta sofa lina siku ya tatu liko barazani limefunikwa turubai na mvua inapiga upande. Sijaketi vizuri Mama H ananiambia, dada yangu, halipiti.

Halipiti mlangoni. Nikatoa futikamba. Kipande kirefu cha sofa: urefu 290, kina 95, kimo 90, ukitoa miguu inabaki 82. Mlango wao wakati wa kujenga uliandikwa mlango wa futi tatu, lakini futi tatu ni pamoja na fremu, toa fremu, halafu mbele yake wamechomelea mlango wa chuma kwa ajili ya usalama na bawaba zake zimeingia ndani. Uwazi wenyewe, pale panapobana kuliko pote, sentimita 76. Hata ung'oe mlango wa mbao bado 76, maana chuma kimechomelewa ukutani. Madirisha nondo. Mlango wa uani ndo mwembamba zaidi. Vijana wanne walishajaribu kulilaza, kulisimamisha, kuliingiza kwa pembe, wamelichubua kona moja na kuchubua rangi ya ukuta.

Baba H alikuwa anataka amwite mchomeleaji akate ule mlango wa chuma. Nikamwambia subiri shemeji, kukata ni elfu themanini na kurudishia ni zaidi, halafu tujue kwanza likiingia linakaa wapi.

Chaki

Hii ndo sehemu niliyofanya vizuri, na nasema bila aibu. Watoto walikuwa na chaki. Tukatoa vitu vyote sebuleni, nikachora sakafuni kila kitu kwa saizi yake kamili: sofa lote la L, TV stendi, shoo kesi, meza ya kioo. Nikachora na mlango wa koridoni unavyofunguka, ule mviringo wake, maana mlango nao unakula nafasi na watu hawauhesabu.

Halafu nikamwambia Mama H shika sinia. Akaenda jikoni akarudi na sinia lina glasi sita, nikamwambia pita kama unawapelekea wageni juisi, usikanyage chaki. Alitoka koridoni, hatua ya kwanza, ya pili, akafika pale kipande kifupi cha L kinapokaribiana na shoo kesi, akasimama. Akageuka upande. Akanyanyua sinia juu ya kichwa. Glasi zinagongana. Baba H alikuwa amesimama mlangoni mikono nyuma, hakusema neno. Nikapima pale: sentimita 38. Na meza ya kulia haijachorwa bado.

Mtu kupita vizuri amebeba kitu anahitaji sentimita 75 mpaka 90. Ukibana sana labda 60, kwa njia ambayo haipitwi mara kwa mara. Hii ilikuwa njia ya jikoni.

Maamuzi, na kwanini

Tulikaa barazani kwenye mkeka tukapanga. Kurudisha sofa Dar kulikataliwa, nauli tena laki mbili, na muuzaji kwenye simu alisema hela hairudi, anaweza kubadilisha rangi tu. Kuuza hapa hapa kwa siku kumi na mbili, nani ananunua? Kwa hiyo likabaki.

La kwanza tukamuita fundi sofa aje alifungue mgongo, aingize vipande, afunge ndani. Elfu 60. Kung'oa mgongo ndo tukaona yaliyomo. Kwa ndani fremu ni paini yenye vifundo, mbao nyingine bado nzito kwa maji, zimeungwa kwa pini za stepla na msumari mmoja mmoja. Pale panapotakiwa kuwa na mikanda ya kunesa chini ya kiti walikuwa wametandika viroba. Viroba vya saruji, dada zangu, vimeoshwa vikashonwa, maandishi ya kiwanda bado yanasomeka. Juu ya viroba sponji nyepesi, ukiibonyeza kwa gumba inagusa mbao. Fundi akanitazama, akasema, "Hili la picha hili, limetengenezwa likapigwe picha." Tukamwomba aongeze mikanda mitatu palepale chini ya kiti kirefu, akafanya bila kuongeza bei, Mungu ampe.

La pili, kipande kifupi cha L tukakitenga. Upande mmoja kilikuwa wazi, hakina mkono, fundi akakitengenezea mkono wa mbao akauvalisha kitambaa kilichotoka mgongoni mwa sofa kwenye sehemu inayogusa ukuta, ambako hakuna anayeona. Kikawa kiti cha mtu mmoja na nusu. Elfu 90. Kikaenda kwenye kona ya dirisha, njia ikafunguka.

La tatu, meza ya kioo ikatoka. Baba H aliumia hapa, nilimuona. Lakini kati ya sofa na meza unatakiwa kuacha kama sentimita 40 ili magoti yapite, na ukiacha 40 unaziba njia upande wa pili. Ikaenda chumbani kwao ikawa ya kuwekea vipodozi. Badala yake tukaweka stuli mbili ndogo walizokuwa nazo, zinahamishika.

La nne meza ya kulia. Laki 4 na elfu 20, meza ya mninga na mabenchi mawili, si viti. Benchi linaingia chini ya meza lote likiwa halitumiki, viti sita vinadai nafasi hata vikiwa vimelala. Mtu mmoja mezani ni sentimita 60 za upana, kwa hiyo meza ya 180 inakaa watatu kila upande. Fundi wa hapa hapa, siku tisa. Hapa ndo kosa langu, nitarudi.

Mapazia laki 3 na elfu 10 pamoja na fimbo. Niliweka kitambaa cha rangi moja, kahawia ya mchanga, na fimbo nikaipandisha juu ya dirisha kama sentimita 18 na kuipitiliza pembeni kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani, si kwenye kioo. Dirisha linaonekana kubwa na hewa inaingia, na kwa joto letu la Januari ukiziba dirisha umejizika. Ukuta mmoja tukapaka rangi na kubadilisha taa, ile nyeupe kali kama ya duka la dawa ikatoka, tukaweka ya njano, elfu 85.

Kulikuwa na mjadala wa kinyago. Kwenye stoo wana kinyago cha ujamaa, cha mpingo, wale watu waliopandiana kama mnara, alikiacha babu. Mimi nikakipenda, nikasema kiwe juu ya shoo kesi, ndo Mtwara yenyewe hiyo. Baba H akasema wageni wetu ni watu wa swala, wataswalia hapa alasiri, kinyago mbele yao hapana. Akawa sahihi, na sikupaswa kungoja kuambiwa. Kikarudi stoo. Tukanunua mikeka miwili ya ukindu yenye rangi, elfu 50.

Na kiti cha bibi. Hiki nililazimisha. Bibi alikuwa ameshafika, akajaribu sofa, kiti chake kiko chini, sentimita 38 kutoka sakafuni na ukikaa kinazama zaidi. Akakaa. Akajaribu kuinuka mara mbili, ya tatu tukamshika mikono. "Hiki kiti kinanimeza," akasema, na hakukikalia tena mpaka leo. Nikampima bibi mwenyewe: kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti. Tukamwambia fundi kiti cha mbao, urefu wa kukalia 46, mikono miwili imara ya kushikia wakati wa kunyanyuka, mgongo umelala kidogo tu, mto mwembamba. Elfu 75.

Jumla ya awamu yangu: milioni 1 na elfu 90. Ikabaki elfu 75 tu, na kitanda cha bibi hakijanunuliwa. Niliwaambia tukate mapazia ya dirisha moja tununue angalau godoro, Mama H akakataa, akasema wageni wanaona dirisha, hawaoni godoro. Sikubishana sana. Nilitakiwa kubishana.

Siku ya wageni

Walikuja watu kumi na nne. Sebule ilipendeza kweli, niliipiga picha. Sasa sikilizeni: wazee walivua viatu, wakaangalia ndani, wakasema kuna upepo mzuri hapa nje, wakakaa barazani kwenye mikeka. Mazungumzo yote ya posa yalifanyika barazani. Akinamama moja kwa moja uani. Kwenye sofa la milioni 1 na laki 9 walikaa vijana watatu na simu zao, na watoto wakaangalia katuni.

Mshenga, mzee mnene kidogo, alitafuta pa kukaa maana mkeka hawezi, akaona kiti cha bibi kimewekwa mlangoni, akauliza "Hicho kirefu naweza kukaa mimi?" Akakaa mpaka wanaondoka. Bibi ikabidi aketi kwenye benchi la meza ya kulia, amekasirika kimyakimya. Meza tuliitoa nje kwa ajili ya pilau, na ilifaa sana, kwa sababu mabenchi yanabebwa na watu wawili na mlango yanapita.

Posa ilikubaliwa. Hilo sofa halikuchangia chochote, ila Mama H anaamini limechangia na sitamwondolea.

Miezi iliyofuata

Machi, TV stendi ilianza kuvimba chini. Baba H alijua ni mvua, ni unyevu wa bahari, akamlaumu mwenye duka. Nikapiga magoti nikaangalia. Ilikuwa imevimba kama mkate uliotumbukia chai, lakini pale mbele tu, sentimita tatu za chini, nyuma kuko sawa. Ni deki. Kila asubuhi binti mdogo anapiga deki, maji yanatambaa chini ya stendi, na ile ni MDF, unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, juu wameivalisha plastiki inayong'aa lakini chini kabisa kwenye ukingo hawajaziba kitu. Unywaji wake ni kama sifongo. Haina miguu, imekaa sakafuni moja kwa moja. Unyevu wa huku unachangia lakini aliyeiua ni tambara la deki.

Kitanda cha bibi kilinunuliwa mwezi huohuo, kitanda na godoro laki 3 na elfu 80, hela ya vikoba kwa riba, kwa sababu ya korosho ilishaisha.

Mei sofa likabonyea katikati, pale ambapo fundi hakuweka mikanda. Muuzaji wa Dar, nimpe haki yake, alikubali kutuma sponji nzito na kugharamia. Lakini ilikuwa mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kimepita, barabara imekatika maeneo ya Somanga kule Kilwa, magari yamelala njiani pande zote mbili. Mzigo ulikuja baadaye sana, na fundi akabadilisha.

Julai sasa, kosa langu. Mama H ananipigia, anasema chini ya mguu mmoja wa meza kila asubuhi kuna unga. Mweupe, laini kama sembe, anafuta, kesho upo tena. Nikaenda nikaigeuza meza chali, jambo ambalo nilitakiwa kulifanya Januari. Miguu miwili ilikuwa na ile sehemu nyeupe ya mti, ya karibu na ganda. Mninga moyo wake ndo wa kahawia inayoelekea wekundu, huo ni mgumu kwa wadudu, lakini nyeupe ya pembeni bungua wanaipenda kama watoto wanavyopenda sukari. Fundi alikuwa ameipaka rangi ifanane na nyingine, akapiga vanishi juu. Vitundu vidogo kama vya sindano, ishirini na zaidi. Mimi nilipokea meza ikiwa imeshapigwa vanishi, inang'aa, nikapitisha kiganja juu yake nikasema safi. Juu ilikuwa safi kweli.

Fundi tulimfuata. Hakukataa. Akasema zile siku tisa ndo zilimkwaza, mbao za moyo alizokuwa nazo hazikutosha, na Januari kila mtu ana oda. Alibadilisha miguu yote minne bure, tukalipia dawa na vanishi tu.

Nikiangalia nyuma: hela na matumizi

Nimewauliza mwaka mmoja baadaye kila kitu kinatumikaje, nikaweka bei pembeni. Kiti cha elfu 75 kinakaliwa kuanzia alfajiri mpaka usiku, bibi akiwa Tandahimba anakaa Baba H. Mikeka ya elfu 50 inatandikwa kila jioni. Meza na mabenchi ya laki 4 na elfu 20, kila siku, chakula na hesabu za shule. Vitu hivi vitatu ni elfu 545. Sofa pamoja na safari yake na ufundi wake limefika karibu milioni 2 na laki 3, na linatumika jioni taarifa ya habari.

Siwezi kusema sofa ni upuuzi, watu wana haki ya kupenda kitu. Shida ni mpangilio wa kununua. Walianza na kitu kikubwa kinachotazamana na mlango, kila kingine kikaja kujibana kwenye mabaki ya nafasi na ya hela. Wangeanza kwa kuhesabu nani anakaa wapi saa ngapi, baraza lingejitokeza lenyewe, maana nyumba za huku Mtwara na Lindi mnajua wenyewe, kuanzia saa kumi jioni ndani kunabaki TV na taa.

Kuhusu sofa la mtandaoni, tatizo si Dar. Mafundi wazuri wa Dar wapo, Keko pale wanatengeneza vitu vya kukaa miaka ishirini. Tatizo ni kulipia picha ya kitu kilichokwisha valishwa kitambaa. Siku hizi wateja wangu nawaambia muombe muuzaji picha ya mifupa, fremu tupu kabla ya sponji, imepigwa na karatasi yenye jina lako juu yake. Anayejua kazi yake anatuma palepale tena na video. Anayeanza kuzungusha, basi. Na hela ya mwisho isitoke kabla ya picha hiyo. Mama H alikuwa na nguvu alipokuwa ameshikilia nusu ya hela, alipoimalizia akabaki na namba ya simu.

Sponji ikiwa ya kukalia iwe denziti (uzito wake, kilo kwa mita moja ya ujazo) ya 30 kwenda juu, chini ya hapo ni ya mgongo na mito. Kama hamna namba, piga goti moja juu ya kiti ukae hivyo nusu dakika, goti likigonga mbao toka humo dukani.

Vipimo ambavyo sasa naandika kwenye simu ya kila mteja kabla hajaenda dukani: uwazi wa mlango pale panapobana kuliko pote ukiwa na chuma chake, kona ya koridoni, urefu wa kila ukuta, na mlango unapofungukia. Dakika kumi. Sofa la kina cha 85 na kimo cha 72 bila miguu lingeingia kwa kulazwa bila kung'oa kitu, na lipo madukani la bei hiyohiyo.

MDF sisemi msinunue, si kila mtu ana hela ya mbao. Lakini iwe na miguu ya sentimita kumi hivi, au muifunge ukutani, na ukingo wa chini muupake vanishi mara mbili hata kama ni mpya kutoka kwenye boksi. Ya Baba H tuliikata pale chini palipovimba, tukaweka miguu ya mbao, inaendelea. Imeongezeka kimo kidogo, TV ikawa usawa wa macho zaidi, hilo ni zawadi.

Mbao kwa fundi wa mtaani: nenda kabla ya vanishi. Hii nimejifunza kwa kuaibika. Geuza kitu chali, angalia ncha za mbao na upande wa ndani, weupe unaonekana wazi ikiwa haijapakwa kitu. Na kama mna haraka ya Desemba au Januari jueni mnanunua wakati mafundi wote mkoa mzima wana oda za hela ya korosho. Kuanzia Machi fundi ana nafasi na maneno ya bei yanasikika. Kwa familia hii tarehe ya wageni ilikuwa imeshawekwa, ila meza ingeweza kuazimwa kwa jirani siku ile moja, na ya kwao ikatengenezwa taratibu. Sikulifikiria hilo, nilitaka picha yangu ipendeze.

Na godoro la bibi. Laki 3 na elfu 80 ilikuwemo ndani ya ile milioni 4 na nusu tangu siku ya kwanza, haifiki hata bei ya meza ya kioo na zulia. Hilo zulia limekunjwa liko juu ya kabati, kwa joto hili hakuna aliyelitaka miguuni.

Hali ilivyo sasa

Harusi imeshafanyika. Binti amehamia kwake, chumba na sebule ya kupanga, na kabla ya kununua chochote alinipigia akaomba nije na futikamba, nikamwambia futikamba nunua mwenyewe, chaki iombe kwa wadogo zako. Meza ya mama yake haijatoa unga tena, lakini Mama H bado anapitisha kidole chini ya miguu kila akifagia. Kiti cha bibi kimeshabadilishwa raba za miguuni mara mbili, zinaisha haraka kwa sababu kinaburutwa kila siku kutoka sebuleni kwenda barazani na kurudi.